Ukuta wa Visogo

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tisa, saa mbili na nusu asubuhi, Edina alikuwa amesimama juu ya kreti la soda mbele ya bucha moja ya Kashaulili, mjini Mpanda, akimalizia pua ya ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alikuwa kwenye simu ya mwenye bucha. Simu ilining'inizwa kwenye msumari kwa kamba ya kiatu, na juu ya kioo chake Edina alikuwa amebandika nailoni yenye mistari ya wino, sita ya kusimama na minne ya kulala. Ubaoni kulikuwa na mistari hiyohiyo ya chaki, ila mikubwa. Alichora kiboksi kimoja, akahamia kingine. Ndivyo alivyofundishwa na Mzee Isidori miaka kumi na moja iliyopita: usimtazame ng'ombe, tazama kiboksi. Ukimtazama ng'ombe utamchora ng'ombe wa kwenu Kakese, na huyo mteja hakumwagiza.

Ilipofika saa saba kazi ilikuwa imekwisha. Mwenye bucha alivuka barabara, akasimama upande wa pili, akalinganisha simu na ubao.

"Huyohuyo," akasema. Kwa fundi wa mabango hakuna sifa iliyozidi hiyo.

Kesho yake mchana ng'ombe aliondoka. Hakwenda kwa miguu yake, ziliondoka rangi. Nyekundu ya ulimi ilitangulia, ikafuata nyeusi ya kwato, kisha nyeupe iliyokuwa nyingi kuliko zote ikajikusanya polepole kama mtu anayekunja shuka. Ziliteremka ubaoni, zikashika ukingo wa barabara kuelekea stesheni, zikiwapisha bodaboda. Mwenye bucha alikuwa anampimia mama mmoja nusu kilo ya steki. Alimaliza kupima, akafunga nyama, akafuta mikono, ndipo akapiga simu.

"Edina, ng'ombe wako kapanda treni."

"Lini?"

"Sasa hivi. Kabaki nzi."

Nzi huyo Edina alimchora sikioni mwa ng'ombe dakika ya mwisho, kwa sababu brashi ilikuwa bado na tone la nyeusi na kwa sababu ng'ombe asiye na nzi alimkera. Kwenye simu hakuwepo. Mwenye bucha alimpiga kwa kitambaa siku mbili nzima kabla hajagundua kwamba amechorwa.

Treni iliporudi, Edina alimwuliza Krispini. Krispini alikuwa mtoto wa shangazi yake, na kazi yake ilikuwa kukagua tiketi kwenye treni ya kwenda Kaliua.

"Zilisimama kati ya behewa la tatu na la nne," Krispini akasema. "Hazikusumbua mtu. Kuna mama mwenye kuku wanne alinisumbua kuliko hizo."

"Zilisema zinakwenda wapi?"

"Rangi zitasema nini, dada? Zinarudi kwao. Ile picha ulitoa wapi?"

"Kwenye simu ya mwenye bucha."

"Na simu iliitoa wapi?"

Edina hakujua.

"Basi huko huko. Mimi naishia Kaliua."

Kufikia mwezi wa kumi mji mzima ulikuwa umezoea. Kila Jumanne mchana, kabla ya treni, rangi zilishuka kwenye mabango ya Majengo, Nsemulwa na Kashaulili, zikaenda zao. Akina dada waliocheka kwenye mabango ya vipodozi waliondoka meno kwanza. Mchezaji mpira mmoja wa Ulaya, aliyekuwa akipiga danadana kwenye ukuta wa kibanda cha kuonyesha mechi kwa miaka minane, aliondoka na mpira wake. Wenye maduka waliombwa waache njia wazi, wasipange ndoo na majiko ukingoni siku ya treni. Mabango ya turubai yanayochapwa kwa mashine hayakuondoka. Watu walisema hayo hayana mkono wa mtu, kwa hiyo hayana cha kurudisha. Basi wateja wakahamia kwenye turubai. Mafundi wengine wawili wa mabango waliokuwa wamebaki mjini waliacha kazi, mmoja akafungua kibanda cha chipsi, mwingine akaenda Karema, ziwani, kuvua samaki.

Edina akabaki na ukuta mmoja.

Ukuta huo ulikuwa wa saluni ya Juliana, karibu na stendi ya zamani. Ulikuwa na urefu wa hatua kumi na mbili, umepigwa plasta safi, unatazama barabara. Fundi yeyote angeutamani. Juliana alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro, mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo, na alivaa wigi la rangi ya asali ambalo alilivua jioni tu, wateja wakishaondoka. Wasusi wake watatu walimwita Madam. Alimpa Edina picha ya wanawake watatu wa saluni moja ya Dar es Salaam, wamesimama bega kwa bega, rasta zao zimevutwa mpaka nyusi zimepanda juu kama za mtu aliyeulizwa swali gumu.

Edina aliwachora. Jumanne wakaondoka. Akawachora tena, safari hii kwa rangi ya mafuta ya bei kubwa, na Jumanne wakaondoka mapema zaidi, kana kwamba walishaijua njia.

"We Edina," Juliana akasema, akiutazama ukuta mtupu huku akila karanga. "Mimi sina ugomvi na wewe. Lakini hawa dada zangu wakiondoka mara ya tatu, naprinti. Naenda Sumbawanga kwenye arusi ya mpwa wangu, siku kumi. Nikirudi nikute kitu kinachokaa."

"Kitu gani, Madam?"

"Mimi nitajuaje? Mchoraji si wewe?"

Edina alikwenda nyumbani na swali hilo. Alikuwa amechora ng'ombe, kuku, simu, chupa za dawa, nyuso za watu wasiojua kwamba kuna mji unaitwa Mpanda. Kila mara aliulizwa ataweza au hataweza. Hakukumbuka siku aliyoulizwa anataka nini, na alipojiuliza mwenyewe, akiwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, jibu halikuja. Alijaribu kitu chepesi. Akajiuliza anapenda rangi gani. Akagundua kwamba anajua rangi anazozipenda wateja wake wote kwa majina.

Basi akachukua daftari na baiskeli, akaenda kuangalia kilichobaki.

Alianzia kwenye duka la dawa la Majengo. Nesi aliyechorwa mlangoni alikuwa ameshakwenda, lakini mkunjo mmoja wa ngozi kwenye kiwiko chake ulikuwa umebaki, peke yake, katikati ya ubao mweupe. Edina alikumbuka. Nesi wa kwenye picha alikuwa na viwiko laini kama vya mwanasesere, naye akaona haya kumwacha hivyo. Akaandika: mkunjo wa kiwiko. Kwenye shule moja ya msingi alikuta ramani ya Afrika imeondoka yote, pwani na jangwa na mipaka, lakini Ziwa Tanganyika liko palepale, refu na jembamba, limening'inia ukutani bila bara. Walimu walikuwa wanaendelea kulitumia kufundishia. Bluu ya kwenye kitabu ilikuwa ya uongo, alikumbuka, na yeye alikuwa amechanganya nyingine, ya Karema mwezi wa sita asubuhi, kabla upepo haujaanza. Akaandika: bluu.

Sitalike alikuta kiboko. Alikuwa wa gesti moja ya barabarani, na alitoka kwenye kalenda. Kichwa, meno na macho vilikuwa vimeondoka na treni, lakini makalio yalikuwa yamebaki, mawili makubwa ya kijivu yanayong'aa kwa maji, na mkia mfupi. Mwenye gesti, bwana mmoja aitwaye Osward, alimkaribisha kwa furaha.

"Wazungu wanapiga picha hapo kuliko mwanzo," akasema. "Yule wa kwanza alikuwa anawatisha watoto."

Edina alisimama mbele ya makalio hayo muda mrefu. Yalikuwa mazuri. Hakuwahi kusema neno hilo kuhusu kazi yake, na hata sasa hakulisema kwa sauti. Kiboko huyo alikuwa anaondoka, anaingia majini, hana shida na mtu, na uzito wake wote ulikuwa umeeleweka. Akaandika: kwa nyuma.

Akirudi alipitia Kakese kwa Mzee Isidori, ambaye siku hizi alifuga bata.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kuniuliza kama zangu nazo zimeondoka."

"Ndiyo."

"Zote. Nilizunguka na baiskeli kama wewe, wiki nzima. Mjini, Sitalike, mpaka barabara ya Karema. Miaka arobaini."

"Na kimebaki nini?"

Mzee Isidori alichota pumba, akawarushia bata, akasubiri mpaka waache kugombana.

"Mbao," akasema. "Mbao nilikuwa nachagua vizuri. Hakuna hata moja iliyopinda." Kisha akauliza, "Na wewe?"

"Nzi, Mzee. Mkunjo. Ziwa. Na makalio ya kiboko."

"Kiboko wa Sitalike?"

"Huyohuyo."

"Siku ile nilikukemea."

"Ulinikemea sana."

"Picha ilikuwa imekatwa pembeni, ukamalizia kutoka kichwani mwako. Nikakwambia ufute." Mzee alipangusa mikono kwenye suruali. "Hukufuta."

"Niliogopa kuharibu rangi."

"Haya. Unywe chai kabla hujaondoka."

Walikunywa chai. Alipofika mjini alikuwa na kurasa mbili za daftari. Alizisoma mara kadhaa. Hakukuwa na kitu hata kimoja humo ambacho aliagizwa na mtu. Na sehemu kubwa ilikuwa ya vitu ambavyo mwenye navyo havioni: kiwiko, sikio, mgongo, makalio. Ikamjia kwamba kwa miaka yote hiyo, kila alipopata nafasi ya kuiba upana wa kucha kwenye kazi ya mtu, alikwenda kusimama nyuma ya kitu na kukitazama kutoka huko. Kumbe alikuwa mtu wa namna hiyo. Haikuwa habari kubwa, lakini ilikuwa yake.

Kesho yake alichukua kigoda, akaenda kuketi ndani ya saluni ya Juliana, nyuma ya viti. Vioo vyote vilikuwa mbele. Akaketi pale siku mbili, na penseli, bila rula na bila viboksi.

"Unachora nini huko nyuma, dada?" akauliza Mwanaasha, msusi mkuu, ambaye alikuwa na vidole virefu na maneno mengi.

"Visogo."

"Ehe! Na cha kwangu?"

"Cha kwako kina mtandio."

"Basi chora mtandio. Lakini ukunje vizuri, nisionekane nimeamka sasa hivi."

Ukutani alichora kwa siku nne. Wanawake kumi na wanne, wameketi mstari mmoja, wameipa barabara visogo. Kulikuwa na muuza dagaa aliyesukwa twende kilioni, mistari imepanda kama matuta ya viazi. Kulikuwa na mwalimu aliyenyoa, mwenye mikunjo miwili ya shingo. Kulikuwa na Dorice, msichana wa miaka ishirini na mbili aliyeuza vocha na soda hapo stendi, rasta zake zimefungwa juu, shingo yake ndefu imeinama kidogo upande wa kushoto kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Kulikuwa na mtandio wa Mwanaasha, wa kijani, na mikunjo yake mitatu.

Katikati alimweka Juliana, bila wigi, kama alivyozoea kumwona jioni akijikuna kwa kitana. Kilikuwa kichwa kizuri kuliko vyote, cha mviringo, kimekaa vizuri shingoni. Juu ya kisogo palikuwa na upara, upana wa kiganja cha mtoto, laini, unaong'aa. Edina alitumia asubuhi nzima kuutafutia rangi yake. Alichanganya kahawia ya vumbi la mwezi wa kumi na tone la ile bluu. Haikumpitia akilini kwamba ni siri. Kila aliyewahi kusimama nyuma ya Juliana jioni alikuwa anauona.

Na kwa kuwa alichora alichokiona, alichora pia vilivyoanza. Kwa muuza dagaa, nyuma ya sikio, palikuwa na nafasi kama kifuniko cha soda. Kwa wengine palikuwa na nukta tu, nywele zimechoka kwa kuvutwa. Kwa Dorice palikuwa na doa dogo kama harage, pale rasta nne zilipokutana. Katika vichwa kumi na viwili vilivyosukwa, kumi na kimoja vilikuwa na alama. Edina hakuvihesabu wakati wa kuchora. Mwanaasha ndiye aliyevihesabu baadaye, kimya, kwa kidole.

Kwenye nafasi ya mwisho, kulia kabisa, alichora kisogo chake mwenyewe. Hakuwa amewahi kukiona. Alikipapasa kwa mkono wa kushoto huku mkono wa kulia ukichora, polepole, na kila alipofika mahali asipopajua alisimama mpaka vidole vimweleze. Alikuta kovu ambalo hakukumbuka lilitoka wapi. Akalichora.

Jumanne ikaja. Saa nane mchana rangi chache zilizobaki mjini zilishuka, zikapita mbele ya saluni kuelekea stesheni. Bodaboda walitazama ukuta. Muuza karanga alitazama ukuta. Treni ikapiga honi, ikaondoka, na wanawake kumi na wanne wakabaki wameketi.

"Hawa hawana safari," akasema bodaboda mmoja, akawasha pikipiki.

Wiki hiyo wanawake walikuja. Walikuja kwanza wale waliochorwa, kisha ndugu zao, kisha watu wa Kakese waliosikia. Walisimama ukingoni mwa barabara, wakatafuta. Hakuna aliyeandikiwa jina, lakini kila mmoja alikijua kisogo chake mara alipokifikia, kama mtu anavyoijua sauti yake kwenye rekodi, kwa kuchukia kidogo kwanza. Walikaa hapo kwa muda. Muuza dagaa alikuja asubuhi mbili mfululizo, akiwa na beseni kichwani, na mara ya pili alimletea Edina samaki wawili, migebuka.

"Mume wangu ananiona hivi kila siku," akasema. "Mimi nimejiona leo."

Juliana alirudi Alhamisi. Alishuka kwenye basi, mkoba mkononi, akaona watu mbele ya saluni yake, akafurahi. Kisha akaona ukuta.

"Edina."

"Abee, Madam."

"Huyu wa katikati ni nani?"

"Ni wewe."

Juliana aliweka mkoba chini. Hakupandisha sauti. "Mwanaasha! Njoo hapa. Huyu ni mimi?"

Mwanaasha alitoka na kitana mkononi. Alitazama ukuta, akatazama chini. "Ndiyo, Madam."

"Tangu lini?"

"Nilipoanza kazi kwako palikuwa padogo. Kama kifuniko cha soda."

"Na una mwaka wa ngapi?"

"Wa sita."

"Miaka sita hukuniambia."

"Madam, nitamwambiaje bosi wangu kitu kilichoko nyuma yake? Nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo maana ya wigi."

"Wigi nalivaa kwa sababu ni zuri!" Juliana aligeuka kuwatazama wengine. Wateja waliokuwa vitini, waliochungulia dirishani, walirudisha nyuso zao kwenye vioo. "Nyie nyote mlikuwa mnaona."

Juliana alipeleka mkono nyuma, chini ya wigi, akapapasa. Alipapasa kwa muda mrefu, macho yake yakiwa ukutani, akiulinganisha mkono na mchoro. Alipomaliza alitoa mkono, akaufuta kwenye gauni.

"Huyohuyo," akasema.

Edina alingojea. Alifikiri kwamba pengine neno hilo litafuatwa na jingine.

"Wafunike," Juliana akasema. "Warudishe wale watatu wa Dar."

"Wataondoka Jumanne, Madam."

"Waondoke. Lakini mpaka hiyo Jumanne wawepo. Jumamosi nina bibi arusi na wasindikizaji wanane. Watu hawaji kujipendezesha kwenye ukuta wa vipara."

"Si vipara. Ni visogo."

"We Edina, usinifundishe kichwa changu."

Edina aliitazama kazi yake. Angeweza kukataa. Alijua pia kwamba akikataa, kesho turubai litapigwa misumari hapo, na misumari itapita kwenye shingo ya Dorice na kwenye mtandio wa Mwanaasha. Rangi za Dar hazikuwa na misumari. Akaenda kuleta ngazi.

Ijumaa aliweka nailoni juu ya simu, akapiga chaki ukutani, akawachora wale watatu, kiboksi kwa kiboksi. Alianzia katikati, na kisogo cha Juliana alikifunika taratibu, brashi ikiwa na rangi kidogo, kama mtu anayemfunika aliyelala. Ilimshangaza kidogo kuona kwamba hapati uchungu. Mkono uliofanya kazi hii ulikuwa mkono wa kukodi, aliujua sasa, na aliujua tofauti na ule mwingine. Zamani alidhani ana mkono mmoja.

Jumanne saa nane wale watatu waliondoka, nyusi zikiwa bado juu. Nyuma yao visogo kumi na vinne vilikuwa palepale, vikavu, havikuharibika hata mstari. Juliana alisimama mlangoni akatazama. Akalirekebisha wigi, akaingia ndani. Lakini Jumatano aliona wateja kumi na saba, na wengi walisimama kwanza nje kabla ya kuingia, na yeye alikuwa mwanamke wa biashara.

Ukawekwa utaratibu. Kila Ijumaa Edina huwachora wale watatu wa Dar, kwa ajili ya arusi za Jumamosi na watu wa kanisani Jumapili. Jumanne wanaondoka na treni. Kuanzia Jumanne mchana mpaka Ijumaa asubuhi ukuta ni wa visogo. Krispini anasema wale dada sasa wanamjua, wanasogea wenyewe akipita. Juliana hajawahi kumsifu Edina na hajawahi kumfukuza. Siku za Jumatano, kabla saluni haijafunguliwa, huja peke yake na kikombe cha uji, akasimama mbele ya ule wa katikati akanywa mpaka ukaisha. Kisha huingia ndani, huvaa wigi, na huwaita wasusi.

Edina ana wateja wapya. Si wengi. Wakimfikia na simu huwaambia waiweke mfukoni, waketi, wageuke. Baadhi huondoka wakicheka, wakaenda kwenye turubai. Wanaoketi huketi muda mrefu, na wengine hupitiwa na usingizi.

Kitu kimoja tu alichelewa kukiona. Alikiona mwezi wa pili, Jumatano moja ya mvua ndogo, alipokuwa amekaa ng'ambo ya barabara akisubiri plasta ya ukuta mwingine ikauke. Dorice alikuja kutoka kibandani kwake, amefumua nywele, kitambaa begani. Alisimama mbele ya ukuta, akakitafuta kisogo chake, akakipata. Akapeleka mkono nyuma ya kichwa, mahali pa doa, na mkono mwingine akaugusisha ukutani, mahali palepale.

"Dorice," Edina akamwita. "Hapo nyuma panaliwa, mdogo wangu."

"Naona, dada. Si umenichora?"

"Mwambie Mwanaasha asivute sana."

"Nitamwambia." Dorice alitabasamu, akamwonyesha simu iliyokuwa na picha ya msichana mwenye nyusi zilizopanda. "Ila nataka kama huyu."

Aliingia ndani. Kiti kililia. Dirisha lilikuwa wazi, na sauti zilifika mpaka ng'ambo.

"Nilegeze kidogo?" Mwanaasha akauliza. "Maana hapa nyuma, shoga, pamekuwa..."

"Kaza tu, dada. Nataka zifike Pasaka."

"Nikaze?"

"Kaza."

Edina alivuka barabara. Kisogo cha Dorice ukutani kilikuwa kama alivyokiacha, shingo imeinama kushoto, rasta juu. Hakuwa amekichora tena tangu mwezi wa kumi. Alipima doa kwa ncha ya kidole kidogo. Lilikuwa limeongezeka upana wa punje ya mchele.